Mguu wa Msimamizi wa Magari

Nianze na mguu wake wa kulia, maana huo ndio ulioninyima raha miaka yote niliyofanya kazi chini yake. Alikuwa msimamizi wa magari katika kampuni yetu ya mafuta ya kupikia na sabuni hapa Jinja. Mara kwa mara alipanda lori na dereva mmoja mpaka ghala letu la Mbale, aone mtu anavyoendesha. Alikaa kiti cha abiria, mkanda kifuani, mikono magotini, kimya kabisa. Lakini ukikaribia tuta, au baiskeli, au mbuzi ambaye bado anafikiria kuvuka, mguu ule ulikanyaga sakafu kwa nguvu, kana kwamba pale chini alikuwa na breki yake mwenyewe. Wewe ukija kufunga breki, yeye alishafunga zamani.

Madereva tulicheka sana kwa ajili ya mguu huo, tukiwa mbali naye. Jioni tukirudisha funguo tulipeana habari: leo kanikanyagia mpaka nimehurumia bati la sakafu. Lakini kila mmoja alijua kwamba mguu ule ndio cheti. Nami nilikuwa dereva mkongwe kuliko wote. Nilikuja Jinja kutoka Bungoma nikiwa kijana, nikapata kazi, nikajenga nyumba mtaa wa Mafubira, na sijawahi kugonga hata kuku. Bado alinikanyagia sakafu kama anavyomkanyagia mtu aliyeanza kazi jana. Nilimwonea wivu kwa mambo mengi, na sitayaficha. Lakini kitu nilichokitaka kwake kilikuwa kimoja tu: nimwendeshe barabara yote ya Mbale na mguu ule utulie.

Kiswahili chake alikiokota jeshini, alikokuwa dereva, akatoka nacho vilevile hakijafuliwa. Mjini Jinja wapo wazee ambao wakisikia Kiswahili cha namna ile mabega yanapanda yenyewe, kwa sababu ya mambo waliyoyaona zamani. Hata wauza chapati nje ya lango letu walinyamaza akipaza sauti. "Wewe! Gari hii nani naacha namna hii?" Ngeli hakuna, adabu hakuna, na watu wote wamesimama wima. Mimi Kiswahili changu nilifundishwa na walimu, kina salamu na tafadhali, na katika uwanja ule hakuna mtu aliyewahi kusimama wima kwa ajili yangu.

Sheria yake ya kwanza ilikuwa ya asubuhi. Hupewi ufunguo kabla hujalizunguka gari ukishika kila tairi kwa kiganja. Si kutazama, si kupiga teke. Kushika. Funguo zilining'inia kwenye misumari nyuma ya kiti chake, na ukienda kuchukua wako ulinyoosha mkono kwanza. Aliuangalia mkono, hakuangalia uso. Kiganja kikiwa safi, ufunguo ulirudi msumarini, nawe ukarudi kwenye lori.

Dereva mmoja mpya, mtu wa maneno mengi, aliona hapo pana njia ya mkato. Aliinama nje ya ofisi, akapaka mkono vumbi la chini, akaingia amejaa tabasamu. Msimamizi akaushika mkono ule, akausugua kwa kidole gumba.

"Hii ni ya shamba," akasema. "Ya tairi ni nyeusi. Enda."

Tulicheka siku nzima. Mimi nilicheka pia, lakini moyoni nilikuwa najiuliza kwa nini mtu apewe akili za kutambua rangi za vumbi, kisha apewe na kiti, kisha apewe na heshima, vyote yeye.

Maana heshima alikuwa nayo hadi juu. Bosi wetu, Mhindi ambaye babu yake ndiye aliyeanzisha biashara, siku moja alitoka ofisini mbio anachelewa mkutano. Mimi ndiye niliyekuwa namwendesha. Tukafika langoni, mlinzi hafungui. Msimamizi amesimama katikati ya njia.

"Bosi, mukanda," akasema.

"Leo niache, nimechelewa."

"Bosi, balabara haijui wewe ni Bosi."

Bosi akacheka, akafunga mkanda, lango likafunguliwa. Ningesema mimi maneno hayo, jioni yake ningekuwa natafuta kazi. Na ilipofika sikukuu yao ya Diwali, sote tulipewa boksi la peremende za maziwa kama kila mwaka. Boksi la Msimamizi, Bosi alilipeleka kwa mkono wake, akaketi kwenye kile kibanda cha funguo wakanywa chai. Mimi niliyewapeleka watoto wa Bosi shule tangu wa kwanza hadi wa mwisho, boksi langu nililikuta kwa mlinzi wa lango. "Afande" ndivyo tulivyomwita mlinzi yule, na Afande alikuwa ameshaonja.

Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilingoja, ndugu yangu. Nilingoja tembo la yule mtu litiwe maji, apotee siku moja, asahau sheria yake moja, aegeshe gari pua ikiwa ukutani. Yeye alitaka kila gari uwanjani lirudishwe kinyumenyume, litazame lango, ili siku ya moto au ya hatari liondoke moja kwa moja. Nilikuwa napita karibu na pikapu yake kila asubuhi kuangalia. Kila asubuhi ilitazama lango.

Nyumbani nako alinifuata. Mke wangu Nekesa alikutana naye kwenye sherehe ya kampuni ya kufunga mwaka, wakaongea kidogo, wakasalimiana "mulembe" kwa sababu Wabukusu wa kwetu na Wagisu wa kwake salamu yetu ni moja. Tangu siku hiyo nikawa na wasimamizi wawili. Nikichukua simu nikiwa naendesha, Nekesa anasema, "Msimamizi angekuona." Nikirudi usiku, "Msimamizi alisema jua likizama gari linalala." Hata watoto wakikimbia na kikombe cha uji, wanaambiwa watembee kama Msimamizi. Mwanamume gani anapenda kusikia jina la cheo cha mwanamume mwingine mezani kwake kila siku? Nilimuuliza hivyo. Akanijibu kwamba safari zangu za Mbale, zamani alikuwa hapati usingizi mpaka nipige simu, na sasa analala. Aliyasema hayo kwa upole. Roho iliniuma zaidi kuliko kama angenitukana.

Sheria iliyotugombanisha hasa ni ya abiria. Gari la kampuni halibebi mtu asiyekuwa wa kazi. Si mchungaji, si mjamzito, si polisi. Na mimi, Mungu ndivyo alivyoniumba, mtu akiinua mkono barabarani naona aibu kumpita. Kati ya Iganga na Mbale wananijua wote. Siku moja nilifika ghalani na kasisi mmoja mzee, kuku wake watatu na shangazi wa kasisi. Sikujua kwamba Msimamizi ametangulia na pikapu. Alitusimamisha pale langoni, akamteremsha kasisi kwa heshima zote, akampokea kuku, akampa shangazi mkono. Walipoondoka ndipo akanigeukia.

"Wafula, ule mukanda wa abiria iko ngapi?"

"Mmoja."

"Na watu?"

Nikaangalia kile kiti kimoja.

"Ukigonga pale Namutumba, kasisi nafika mbinguni, haina shida. Shangazi je? Amejiandaa?"

Mlinzi wa ghala akaangua kicheko. Mimi nilikaa wiki mbili nikiosha magari badala ya kuyaendesha. Kasisi naye, mwaka uliofuata, alipokutana nami Mbale aliniuliza hali ya yule bwana mwungwana aliyempokea kuku wake. Mimi niliyembeba hakuniuliza hali.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: sheria zake hazikujua ndugu. Mama yake alipofariki, Bosi mwenyewe alitoa pikapu ya kampuni ichukue jeneza kutoka hospitali ya Mbale mpaka Wanale, kwao, chini ya mlima unaotazama mji. Tulikwenda wengi. Na kwao, kama kwetu, jeneza haliendi peke yake. Wanawake hupanda nyuma wakalizunguka, wakaimba mpaka nyumbani, na anayebaki chini huona ametengwa. Mama zake wadogo walikuwa wameshafunga leso kiunoni, mguu mmoja uko juu ya bodi. Akawakataza.

Mimi nilidhani nasikia vibaya. Amevaa suti nyeusi, macho mekundu, anawaambia mama zake wadogo washuke kwenye gari lililobeba dada yao.

"Hapana mutu nyuma," alisema. "Mama peke yake."

Palichafuka. Mmoja alimwita mtoto wa serikali. Mwingine alilala chini mbele ya tairi. Yeye alimwinua, akamfuta vumbi, akaingia kwenye usukani, akaondoa gari kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mkono wake ulikuwa nje ya dirisha ukiwaita. Kwanza walimtazama tu. Halafu wale wanawake wakaanza kulifuata, wakashika bodi huku na huku, wakaimba. Waliokuwa madukani wakatoka. Tulipanda njia yote ya Wanale hivyo, gari katikati, sisi pembeni, vumbi mpaka kwenye meno, na mpaka leo wanasema hayajawahi kuonekana mazishi ya heshima kama yale, mama alisindikizwa na watu wote kwa miguu. Nilitembea nyuma nikilia, na katikati ya kilio nikawaza: hata uchoyo wa huyu mtu unageuka kuwa heshima. Ningekuwa mimi nimewateremsha, wangenilaani hadi kizazi cha tatu.

Msidhani alikuwa mtu wa mbao. Kulikuwa na ugonjwa mmoja ambao hata leo siuelewi: alipenda mashindano ya magari kama mtoto. Yakija upande wa Jinja au Mbale, yeye aliomba ruhusa, akavaa kofia ya karatasi, akasimama ukingoni mwa shamba la miwa tangu asubuhi. Mimi nilimshuhudia. Gari linapita linaruka, matope yanamfunika, naye anarukaruka anapiga kelele, "Kanyaga! Kanyaga, baba! Usiogope!" Jumatatu nikamuuliza vipi mtu anayetuzuia kuendesha hata kwa kasi ya baiskeli anashangilia wale vichaa.

"Wale wamezunguka gari yao kuliko wewe," akasema, akaninyooshea mkono aone kiganja changu.

Sasa nije kwa Nambozo, maana bila yeye wivu wangu ungekuwa wa kawaida tu. Nambozo alikuwa msichana wa Namatala, pale Mbale. Alikuwa akiendesha kipikapu cha nyanya na vitunguu cha mama mmoja wa soko kabla ya kuja kwetu. Mwanamke wa kwanza kushika lori katika kampuni. Sina neno baya juu yake, na hilo nalo linaniudhi. Hakubeba mtu. Mjomba wake mwenyewe alimpungia mkono pale Kamonkoli, yeye akampigia honi ya salamu, akapita. Siku ya kwanza Msimamizi alipopanda naye, mimi nilikuwa nyuma yao na lori langu, na tulipofika ghalani nilimvuta msichana pembeni.

"Amekukanyagia?"

"Nini?"

"Mguu, dada. Mguu wa Msimamizi."

Akafikiri. "Mpaka Tirinyi ulikuwa unakanyaga. Kutoka hapo umenyamaza tu."

Sikula chakula cha mchana. Mtu hajamaliza hata mwaka! Tangu siku hiyo nikawa namtazama Nambozo jinsi anavyoshika usukani, anavyopunguza mwendo, nikatafuta siri, nikaiga. Nikipanda na Msimamizi naendesha kama nimebeba mayai. Mguu unakanyaga. Naendesha taratibu zaidi. Unakanyaga zaidi.

Alipokaribia kustaafu, Bosi alimwambia achague mwenyewe atakayekaa kwenye kile kiti cha funguo. Hapakuwa na mtu uwanjani ambaye hakujua kwamba ni mimi. Afande alianza kunipigia saluti. Nekesa alininunulia shati. Msimamizi akasimama mbele yetu siku ya kuaga, akashukuru, akatoa funguo zote kwenye misumari akaziweka mikononi mwa Nambozo. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, kwa nguvu kuliko wote, mpaka mikono ikauma, ili mtu yeyote asije akasema nina wivu.

Akarudi kwao Wanale. Sikumtembelea. Nilipita Mbale kila wiki, nikautazama ule mlima, nikageuza lori nikarudi Jinja.

Mwaka huu nilikuwa likizo, nikaenda Mbale kwenye harusi ya binamu. Jumapili asubuhi, bila kumwambia mtu, nikachukua boda mpaka Wanale. Nilikuwa na swali moja na nilitaka nilitue.

Nilimkuta uani amekaa kwenye kiti cha plastiki. Amekonda. Macho yameingia ukungu, ananitafuta kwa sikio.

"Mulembe, mzee," nikasema.

"Mulembe. Huyo ni Wafula? Umekuja na gari ya nani?"

"Nimekuja na boda, mzee. Niko likizo."

"Umevaa helmeti?"

"Nimevaa."

"Basi karibu."

Binti yake alituletea malewa, yale machipukizi ya mianzi, yaliyopikwa kwa karanga, na matoke. Huyu binti amefanya kazi Jinja miaka mingi na nyumba yake iko Mafubira, si mbali na kwangu. Alikuja kumchukua baba kwa matibabu ya macho, akakwama.

"Gari lake lile pale limefunikwa shuka," akaniambia. "Anataka aende nalo. Shemeji yenu amejitolea kuliendesha, amemkataa. Jirani naye amemkataa. Basi hapandi. Tumekaa hivi tangu Alhamisi."

"Si mumwite Nambozo?" nikasema. Nilijisikia sauti yangu ilivyokuwa chungu.

"Nambozo iko kazini," Msimamizi akajibu. "Kesho wewe unarudi Jinja?"

"Ndiyo."

"Basi tunaenda pamoja. Zunguka gari."

Kwa hiyo mimi ni wa akiba, nikawaza, kwa sababu yule mwenyewe yuko kazini. Lakini asubuhi yake nilivua lile shuka, nikazunguka, nikashika tairi moja moja, nikainama chini nikachungulia. Nikamwendea. Hakuweza tena kuona kiganja, kwa hiyo akaushika mkono wangu, akausugua kwa kidole gumba, taratibu, mpaka kwenye vidole. Kisha akatia ufunguo humo.

Tukaondoka, binti nyuma, baba mbele, mkanda kifuani, mikono magotini. Kabla hatujatoka mjini, pale Namatala kwenye mikokoteni na wabeba mchanga, mguu ukakanyaga. Nikasema moyoni, tumeanza. Sikungoja zaidi.

"Mzee, kwa nini kile kiti hukunipa mimi?"

Hakushtuka, kana kwamba alikuwa akilingoja swali lile tangu siku ya kuaga.

"Kile kiti si ya dereva, Wafula. Ni ya mutu ya kukataa. Mutu anakuja analia, anasema mama yake amekufa, wewe unasema hapana. Wewe unaweza?"

Nikamwona kasisi na kuku zake. Nikawaona wote wanaoinua mikono barabara nzima.

"Siwezi," nikasema.

"Ee," akasema. "Huwezi."

Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kushika, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nikaendesha tu. Sikumwigiza Nambozo, sikubeba mayai. Niliendesha kama ninavyoendesha nikiwa peke yangu. Mashamba ya mpunga yakapita. Karibu na Tirinyi trela likatoka kwenye njia ya vumbi, likaingia barabarani bila kutazama. Nikapunguza, nikalipisha, na kwa mazoea nikasubiri kishindo cha sakafu.

Hakikuja. Nikatazama chini. Mguu umelala ubavu, kiatu kimeangukia upande. Nikatazama juu. Kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi, anakoroma.

Binti akasogea kutoka nyuma. "Baba halali kwenye gari," akanong'ona. "Hajawahi."

Tirinyi nilisimama nikapumzika kama sheria yake ya kila dereva kupumzika hapo inavyosema, ingawa sikuwa nimechoka na yeye hakuwa anaona. Nikanunua maji, nikanywa nje ili mlango usimwamshe. Baada ya hapo nikaendesha Namutumba, Iganga, mpaka kwenye miwa ya kuingilia Jinja, nikitamani Nambozo apite, Afande apite, Bosi apite, yeyote apite aone. Hakupita mtu ninayemjua. Tulipofika Mafubira nililirudisha gari kinyumenyume mpaka likatazama lango, ndipo akaamka.

"Tirinyi umesimama?"

"Nimesimama."

"Mm," akasema, akatafuta kitasa cha mlango.

Nyumbani nilimkuta Nekesa anasonga ugali. Nikamweleza kwamba nimetoka kumleta Msimamizi kutoka Mbale. Akataka kujua alisema nini juu ya uendeshaji wangu, maana yeye ndiye aliyekuwa akinihesabia vile vilio vyangu vyote juu ya mguu ule.

"Hakusema kitu," nikamjibu. "Alilala."

Mwiko ukasimama katikati ya sufuria.

"Alilala?" akasema. "Wewe ukiwa kwenye usukani?"

"Tangu Tirinyi."

Akaacha ugali uungue. Akanishika mkono, ule ambao bado ulikuwa na weusi wa tairi, akaketi nao.